Kichocheo cha kaboni yenye asidi: kukitengeneza, kukiosha, kukitilia shaka

Tunataka kichocheo, yaani kitu kinachoharakisha mmenyuko bila chenyewe kuisha: unga mweusi utakaovunja selulosi (minyororo mirefu ya glukosi inayojenga mimea) kuwa glukosi ndani ya maji, kisha tuuchuje na kuutumia tena. Kuutengeneza si kazi. Kazi ni kuhakikisha kwamba unaovunja selulosi ni unga wenyewe, wala si asidi iliyojificha ndani yake. Njia hii ilitangazwa mwaka 2005 na Michikazu Hara na wenzake, Japani, walioanza na sukari wakapata kichocheo cha kutengenezea dizeli ya mimea.

Hatua ya 1: Choma. Weka gramu 20 za glukosi kwenye tanuri, pitisha nitrojeni, pandisha joto hadi nyuzi 400 na uache kwa saa 15. Sukari huyeyuka na kuumuka, basi tumia chombo kikubwa. Usizidishe moto ukidhani unaokoa muda: joto likipanda mno, mabamba ya kaboni hukua na kushikamana, vikundi vya salfoniki (asidi inayofungwa kwenye kaboni katika hatua ya 2, ndiyo itakayovunja selulosi) vikakosa pa kujishikiza. Likiwa dogo mno, kaboni hubaki laini, na vipande vyake huja kuyeyukia majini baadaye.

Hatua ya 2: Tia asidi. Saga unga, uchanganye na asidi ya salfuriki iliyokolea, mililita 10 kwa kila gramu, kisha upashe kwa nyuzi 150 chini ya nitrojeni, saa 15. Gesi ya dioksidi ya salfa itatoka, kwa hiyo fanyia ndani ya kabati la kufyonza mvuke, umevaa miwani, aproni na glavu zinazostahimili asidi. Acha ipoe kabisa. Mimina mchanganyiko polepole kwenye maji mengi ya baridi. Kamwe usimimine maji juu yake.

Hatua ya 3: Osha. Hapa ndipo nilipoumbuka. Kichocheo changu cha kwanza kilitoa glukosi nyingi ajabu, nikafurahi. Duru ya pili kikawa kama mkaa wa kawaida. Nilikuwa nimekiosha mara tatu tu. Tumia maji yanayozidi nyuzi 80, koroga, chuja, kisha dondoshea mchujo tone la bariamu kloridi. Wingu jeupe likitokea, salfeti bado ipo, rudia. Mchujo ukiwa safi, usiamini bado. Loweka unga kwenye maji ya moto usiku kucha, upime tena, maana asidi hukaa ndani ya vitundu na kutoka kwa kuchelewa.

Hatua ya 4: Hesabu asidi. Tikisa gramu 0.10 za unga mkavu katika maji ya chumvi, chuja, kisha fanya titresheni, yaani dondoshea hidroksidi ya sodiamu hadi asidi iishe nguvu, ukipima kiasi ulichotumia. Ukitumia mililita 12 za myeyusho wa 0.01 M (moli 0.01 kwa lita), una milimoli 0.12, yaani 1.2 kwa gramu.

Hatua ya 5: Jaribu. Saga selulosi kwanza kwenye kinu cha mipira. Fuwele zake ni ngumu, na yabisi kwa yabisi hazigusani vizuri. Pika pamoja na kichocheo na maji kwenye chombo cha shinikizo, nyuzi 150. Weka pia chombo kisicho na kichocheo, kwa kuwa maji ya moto peke yake huvunja selulosi kidogo. Usiache muda mrefu mno: glukosi hugeuka hidroksimethilifurfurali (kemikali inayotokana na sukari kupoteza maji), kisha mashapo ya kahawia.

Hatua ya 6: Tafuta mvujo, yaani asidi inayotoka kwenye unga na kuingia majini. Vitabuni utaambiwa uchuje katikati ya mmenyuko, uone kama mchujo unaendelea kutenda. Kwa selulosi jaribio hilo linakudanganya: ukichuja, selulosi nayo inabaki kwenye karatasi, hivyo mchujo hauna cha kuvunja hata kama umejaa asidi. Badala yake, pika kichocheo peke yake kwenye maji kwa joto na muda uleule, chuja, kisha tia selulosi mpya kwenye maji hayo na upike. Glukosi ikizidi ile ya chombo kisicho na kichocheo, rudi hatua ya 3. Njia nyingine ni kutumia selobiosi, kipande cha selulosi chenye glukosi mbili tu: inayeyuka, kwa hiyo kuchuja katikati kunaleta maana.

Kwa duru ya pili, kumbuka kwamba kilichobaki kwenye chujio ni kichocheo pamoja na selulosi isiyovunjika. Kikaushe, ukipime uzito, na urudie titresheni ya hatua ya 4 kabla ya kukitumia tena.