Jinsi ya kutembelea Lubiri, kasri la Kabaka, ukiwa Kampala

Wageni wengi ninaowatembeza Kampala huanza kuniuliza tukiwa bado njiani: mahandaki ya Idi Amin, walimofungiwa watu, tutayaona lini? Nawapeleka, lakini mwishoni. Lubiri iliyoko kilima cha Mengo ni makao ya ufalme ulio hai, Buganda, ambao mfalme wake huitwa Kabaka, na mtu akianzia kwenye mahandaki hutoka hajui kilichovunjwa pale kilikuwa nini.

Hatua ya 1: Jiandae

Tenga asubuhi nzima, uanze mapema kabla jua halijachoma, kwani sehemu kubwa ni ya kutembea kwa miguu. Beba shilingi za Uganda taslimu na kitambulisho, na uulize kama kuna bei ya watu wa Afrika Mashariki. Mwanamke avae gauni au sketi ndefu; aliyevaa suruali ajifunge kanga juu yake.

Hatua ya 2: Salamu iwe ya Kiganda

Kwetu sisi wa Kiswahili jambo hili lina uzito. Waganda, yaani watu wa Buganda, wengi wa umri mkubwa wanakikumbuka Kiswahili kama lugha ya wanajeshi waliowaamrisha kwenye vizuizi vya barabarani miaka ya 1970. Asubuhi sema "Wasuze otya, ssebo" kwa mwanamume, au "nnyabo" kwa mwanamke. Ukishaitikiwa, endelea kwa lugha mnayoelewana.

Inaniuma kila ninapolieleza hili, kwa sababu karne moja kabla ya hapo Kiswahili kilikuwa na heshima kubwa katika baraza la Buganda. Kabaka Muteesa I alikijua, pamoja na Kiarabu, kwa kukaa na wafanyabiashara waliotoka Zanzibar, na kwa miaka kadhaa alifunga Ramadhani.

Hatua ya 3: Anzia Bulange

Panda boda au matatu (wenyeji huziita taksi) hadi Bulange, jengo la Lukiiko, yaani bunge la Buganda. Lipe jengo mgongo. Barabara ya Kabaka Anjagala iko mbele yako, imenyooka kama maili moja hadi lango la Lubiri, na kando yake kuna alama za koo za Waganda.

Usiipite kwa gari. Katikati utakuta mzunguko wa Nantawetwa. Magari yote huuzunguka, lakini mzunguko wenyewe umekatwa njia katikati, yenye lango linalofunguliwa kwa ajili ya Kabaka peke yake. Kabaka hazunguki, anapita moja kwa moja. Simama hapo kidogo, uwaangalie madereva wa boda wanavyopinda huku lango limefungwa. Mimi sijaona mahali pengine Kampala panapoonyesha cheo cha Kabaka waziwazi namna ile.

Hatua ya 4: Ingia kwa Wankaaki

Wankaaki ndilo lango kuu. Tazama moto unaotunzwa hapo: huwaka muda wote Kabaka akiwa hai, na huzimwa anapofariki. Lipa kiingilio, upewe mwongozaji.

Twekobe, nyumba ya kifalme, hutazamwa kwa nje tu, usibembeleze kuingia. Mwombe mwongozaji akusimulie tarehe 24 Mei 1966 mkiwa mbele ya nyumba hiyo. Siku hiyo wanajeshi wa serikali ya Milton Obote, wakiongozwa na Idi Amin, walishambulia kasri. Kabaka Muteesa II, aliyekuwa pia rais wa kwanza wa Uganda, alitoroka kwa kuruka ukuta, akapitia Burundi hadi London, na huko akafariki mwaka 1969. Falme zilifutwa mwaka 1967, Lubiri ikageuzwa kambi ya jeshi. Ufalme ulirudi mwaka 1993, Ronald Mutebi II alipotawazwa.

Hatua ya 5: Sasa shuka kwenye mahandaki

Ni ushoroba wa zege uliochimbwa ndani ya mteremko, wenye vyumba vilivyoinuliwa juu ya njia. Hapo awali ilikuwa ghala la silaha, kisha chini ya Amin ikawa gereza. Waongozaji hueleza kwamba njia ilijazwa maji yaliyotiwa umeme ili mfungwa asithubutu kushuka. Kutani kuna alama za viganja na maandishi ya waliofungwa humo. Usiguse kuta, wala usipige picha za kutabasamu. Watoto wadogo wabaki juu na mtu mzima.

Hatua ya 6: Malizia Kasubi

Kama una nguvu, chukua boda hadi Kasubi. Muteesa I alijenga kasri lake pale mwaka 1882, na alipofariki mwaka 1884 likawa kaburi lake. Makabaka wanne wamezikwa humo, akiwemo yule aliyeruka ukuta, ambaye mwili wake ulirudishwa mwaka 1971. Nyumba kubwa ya nyasi, Muzibu Azaala Mpanga, iliungua tarehe 16 Machi 2010 ikajengwa upya. Mwaka 2023 UNESCO iliiondoa Kasubi kwenye orodha ya urithi ulio hatarini.

Hapa masharti ya mavazi ni makali kuliko Lubiri. Ndani unavua viatu na kuketi mkekani, mwanamke akikunja miguu upande mmoja. Kabla ya kulipa, uliza langoni kama nyumba kubwa inapokea wageni siku hiyo.