Jinsi ya kusoma historia ya ngome ya Rochester kwenye mawe yake

Ngome ya Rochester iko Kent, kusini-mashariki mwa Uingereza, kando ya mto Medway. Haina paa wala sakafu, na kwa kazi hii hiyo ni faida: mifupa ya jengo iko wazi. Chukua darubini ndogo, tochi na daftari. Nenda asubuhi au alasiri, jua likiwa limeinama, maana mwanga wa pembeni huonyesha mipaka ya viraka ambayo jua la utosini huificha.

Usianze ndani. Zunguka kwanza mnara mkuu kwa nje, ukiangalia pembe zake nne tu. Tatu zina buruji, yaani minara midogo ya pembeni, za mraba. Ya kusini-mashariki ni ya mviringo. Hiyo ndiyo sentensi muhimu kuliko zote katika jengo hili, na anayeipita bila kusimama ameikosa Rochester.

Mnara ulianza kujengwa mwaka 1127, Mfalme Henry I alipomkabidhi ngome William de Corbeil, Askofu Mkuu wa Canterbury. Kila upande una takriban mita 21, na ukihesabu buruji kimo chake kinafika kama mita 38. Mwaka 1215 waasi waliuteka, Mfalme John akauzingira kuanzia Oktoba. Mawe yaliyorushwa na mitambo hayakuuvunja, kwa hiyo wachimbaji wakapita chini ya msingi wa pembe hiyo, wakiegemeza dari ya shimo kwa magogo. Amri ya John ya Novemba 25 inajulikana hadi leo: Hubert de Burgh, hakimu mkuu wake, apeleke upesi nguruwe 40 wanono, wale wasiofaa sana kuliwa, ili mafuta yao yachochee moto. Magogo yakaungua, shimo likatitia, pembe ikaporomoka. Ukarabati ulifanyika chini ya Henry III kwa mtindo mpya wa mviringo, kwa sababu ukuta usio na ncha ni mgumu zaidi kung'olewa jiwe na husaidia kukengeusha yanayorushwa.

Sasa ingia, utafute ukuta mnene unaoukata mnara katikati kutoka chini hadi juu. Watetezi walirudi nyuma yake baada ya pembe kuanguka, wakaendelea kupigana mpaka njaa ikawalazimisha kusalimu amri Novemba 30. Kisima kimejengwa ndani ya ukuta huohuo, na mdomo wake unafikika kila orofa. Mulika tochi humo, utaelewa kwa nini maji hayakuwa tatizo lao la kwanza.

Simama chini ya uwazi na uinue macho. Safu ya matundu ya mraba yaliyo usawa mmoja ni mahali ncha za boriti zilipokaa: chora mstari kwenye daftari, hapo palikuwa na sakafu. Meko inayoning'inia katikati ya ukuta inathibitisha mstari wako. Kisha linganisha madirisha. Ya chini ni membamba, ya juu yanapanuka, na nguzo zenye matao ya mapambo ya meno ya msumeno ziko kwenye ukumbi uliopanda kimo cha orofa mbili. Huko juu ndiko walikokaa wakubwa. Chini palikuwa pa akiba.

Kosa la kawaida ni kumpa Gundulf, Askofu wa Rochester, sifa ya mnara huu. Yeye alijenga ukuta wa mawe wa mzingo miaka ya 1080, sehemu yake ukifuata ukuta wa mji wa Warumi, na alifariki mwaka 1108, miaka 19 kabla mnara haujaanza. Kosa la pili ni kudhani mzingo wote ni wa enzi moja. Baada ya Simon de Montfort, kiongozi wa waasi dhidi ya Henry III, kuishambulia mwaka 1264 ngome iliachwa ichakae, na ukarabati mkubwa ulisubiri enzi ya Edward III, karne iliyofuata. Kwa hiyo tarehe ya kipande kimoja usiipeleke kwa jirani yake. Tafuta kiungo: mistari ya mawe isiyokutana, au chokaa ya rangi tofauti.

La tatu ni kulaumu vita kwa kila kilichopotea. Mwaka 1610 James I alimpa ngome Sir Anthony Weldon, na katika karne hiyo mbao zikang'olewa na kuuzwa. Matundu ya boriti yaliyo safi, bila mawe kubomoka kando yake, yanaendana na kung'oa zaidi kuliko na kupigwa.

Katika daftari weka safu tatu: unachokiona, enzi unayokisia, na sababu. Safu ya tatu ikibaki tupu, futa ya pili.