Namna ya Kupata Maoni ya Mapema Kuhusu Tovuti ya Kuchangia Zawadi

Tovuti inayowawezesha watu kuorodhesha zawadi wanazozitamani, ndugu na marafiki wakachangia ununuzi wake, haipimiki kwa mtu mmoja aliyeketi peke yake. Mtu huyo ataona kurasa na vitufe, lakini hataona jambo lililo kiini chake, yaani jinsi watu kadhaa wanavyoafikiana juu ya zawadi moja bila mlengwa kujua. Kwa hiyo tafuta kundi dogo lenye shughuli ya kweli iliyokaribia, iwe harusi au mahafali, uliombe liandae zawadi hiyo kupitia tovuti yako hata kama haijakamilika.

Kabla ya kuwaonyesha chochote, waulize walivyofanya mara ya mwisho: nani alianzisha mchango, fedha zilikusanywaje, na je, kuna zawadi iliyonunuliwa mara mbili? Usiwaulize kama wazo lako ni zuri, kwani wengi watalisifu kwa adabu tu, na sifa hizo hazikuambii kama watarudi.

Kisha mpe kila mmoja kazi mahususi, kwa mfano kuchagua zawadi na kuahidi sehemu ya gharama, umwombe aseme kwa sauti anachokifikiri huku akiendelea, nawe unyamaze. Kunyamaza ni kugumu kwa aliyeijenga tovuti, lakini ukimwonyesha mahali pa kubonyeza utakuwa umelifunika kosa lilelile unalolitafuta. Jakob Nielsen, mtaalamu wa urahisi wa kutumia tovuti, aliandika mwaka 2000 kwamba watumiaji 5 hutosha kufichua takriban asilimia 85 ya kasoro za matumizi, na akashauri majaribio madogo kadhaa, yenye marekebisho katikati, badala ya jaribio moja kubwa. Hata hivyo, tovuti ikiwa na watumiaji wa aina mbili tofauti, alipendekeza watu 3 au 4 wa kila aina. Kwako wewe, hao ni watoaji na wapokeaji.

Mahali pa kukazia macho zaidi ni pale aliyealikwa anapofungua kiungo kwa mara ya kwanza. Je, anakubali kujisajili ili tu atoe mchango mdogo, au anaondoka? Angalia pia kama mtoaji ana hakika kwamba mpokeaji haoni nani ametoa nini. Shaka ndogo hapo humzuia kabisa, nami naliona hilo kuwa zito kuliko kasoro yoyote ya mwonekano. Mfumo wa malipo unaweza kusubiri: wachangiaji wamtumie fedha mmoja wao wanayemwamini, wewe uandike tu kwenye orodha nani ameshatoa.

Shughuli ikishapita, zungumza kwanza na walioacha katikati, ukiwauliza walikwama wapi na walimalizia kwa njia gani. Baada ya hapo, fuatilia katika wiki zinazofuata ni nani anayefungua orodha mpya bila kukumbushwa.