Namna ya Kulipata Doa Pofu la Jicho Lako na Kuona Akili Inavyoliziba

Katika kila jicho lipo eneo lisiloona chochote, nalo ni pale ambapo neva inayopeleka habari kwenye ubongo hutokea nje ya retina (utando wa nyuma ya jicho unaopokea mwanga), mahali pasipo na seli za kupokea mwanga. Mfaransa Edme Mariotte alilieleza katika miaka ya 1660. (Pweza hana doa hili, kwa kuwa neva zake hupita nyuma ya retina.) Zoezi hili, ambalo huwafanyisha wanafunzi wangu kabla ya somo lolote la utambuzi, linahitaji karatasi nyeupe, kalamu na rula tu.

Hatua ya 1. Chora msalaba mdogo upande wa kushoto wa karatasi, kisha, sentimita 8 kulia kwake na katika usawa uleule, chora duara lenye upana wa sentimita 1 na ulijaze wino.

Hatua ya 2. Funika jicho la kushoto bila kulibonyeza, na ushike karatasi mbele yako kwa mkono ulionyooka.

Hatua ya 3. Ukodolee msalaba kwa jicho la kulia huku ukiisogeza karatasi polepole kuelekea usoni. Wengi hukwama hapa kwa hamu ya kulichungulia duara, ilhali jicho likihama, doa pofu nalo huhama. Umbali ukikaribia sentimita 30, duara hutoweka. Lisipotoweka, izungushe karatasi kidogo ili duara lishuke, kwani kwa kawaida doa pofu huwa chini kidogo ya usawa wa pale unapotazama.

Hatua ya 4. Usiishie hapo, maana kutoweka kwa duara ndiko kusikonivutia sana. Chunguza kilichoshika nafasi yake: si shimo wala giza, bali weupe wa karatasi. Sasa chora mstari mnene wa wima unaopita katikati ya duara na kulivuka kwa sentimita 4 juu na chini, kisha urudie hatua ya 3. Duara litapotea, lakini mstari utaonekana mzima, ingawa jicho halipokei habari yoyote kutoka katikati yake. Akili imeukamilisha kwa kufuata vilivyo jirani. Wataalamu wangali wanabishana iwapo ubongo hulijaza pengo kweli au haulijali tu.

Hatua ya 5. Fungua jicho la kushoto, na duara litarudi papo hapo, kwa sababu doa pofu la jicho hilo liko upande mwingine. Ili kulipata, pindua karatasi juu chini, funika jicho la kulia, na uanze upya.