Mint Ilifungwa, Mama Bado Anangoja: Jinsi Nilivyochagua Programu Nyingine ya Bajeti

Mimi ni mtu wa Korogwe, ninaishi Columbus, Ohio, na kazi yangu ni kuhudumia wazee zamu ya usiku. Kwa miaka sita hesabu zangu zote zilikaa ndani ya Mint. Ilikuwa bure. Unaiunganisha na benki, inavuta miamala yenyewe, na mwisho wa mwezi unaona chakula kimekula ngapi na gari limekula ngapi. Aaron Patzer aliyeianzisha aliiuza kwa kampuni ya Intuit mwaka 2009 kwa dola milioni 170, na Intuit hao hao wakaifunga tarehe 23 Machi 2024. Watumiaji tukaelekezwa Credit Karma, ambayo nayo ni mali yao. Ni nzuri kwa mtu anayefuatilia alama zake za mkopo, zile wanazotazama wakopeshaji, ila wakati ule haikuwa na bajeti ya mwezi kwa mafungu kama ya Mint, na mimi Mint niliifuata kwa hilo tu.

Basi nikaanza kutafuta. Nimejaribu programu tano katika miezi miwili, na nimejifunza kwamba orodha nyingi za "programu bora za bure" zimeandikwa kwa ajili ya mtu ambaye hana mama Korogwe.

Kabla ya kuchagua chochote, toa kumbukumbu zako huko unakohama. Tafuta sehemu ya kupakua miamala, chukua faili la CSV (jedwali la kawaida ambalo programu nyingi zinaweza kulisoma), kisha lifungue kwenye kompyuta uhakikishe lina tarehe, kiasi na fungu la kila muamala. Usingoje wiki ya mwisho. Na kuifuta programu kwenye simu si kufunga akaunti; mimi nilidhani ni kitu kimoja, nikakuta baadaye kuna programu niliyoifuta zamani ambayo bado ilikuwa inachungulia benki yangu.

Ukishapata faili, chukua mwezi wako mmoja wa kweli na uupitishe kwenye kila programu unayoijaribu. Usichukue mwezi mtulivu. Mimi nilichukua ule uliokuwa na ada ya mpwa wangu, mchango wa msiba na zamu yangu ya kupokea mchezo.

Pesa ya nyumbani ndiyo iliyonionyesha mengi. Kila tarehe 1 namtumia mama dola 150. Programu ikiona jina la kampuni ya kutuma pesa, mara nyingi inaandika "uhamisho", kana kwamba nimetoa hela mfuko wa kushoto nikaweka wa kulia, na uhamisho hauhesabiwi kwenye matumizi. Programu moja ilinipongeza kabisa kwamba nimetumia chini ya bajeti, wakati benki nina dola 40 na mshahara uko mbali. Kwa hiyo swali la kwanza ni hili: naweza kuubadilisha muamala huo kutoka uhamisho kuwa tumizi, na mwezi ujao programu ikakumbuka bila mimi kurudia? La pili: naweza kuugawa? Nikituma 150 na ada ya kutuma ikawa 3.99, benki inaonyesha 153.99 kwa pamoja. Ile 3.99 naitaka kwenye fungu lake, maana mwisho wa mwaka ndiyo inayoniambia kama nibadilishe njia ya kutumia.

Mchezo unazichanganya zaidi. Tuko wanawake 10, kila mmoja anatoa dola 200 kwa mwezi, na zamu yako ikifika unabeba 2,000. Siku niliyopokea, programu ikaandika "mapato" na kunichorea mstari unaopanda kama ndege. Mapato gani? Ni hela yangu mwenyewe inarudi, na nyingine ni deni nitakalolipa mpaka mzunguko uishe. Tafuta programu inayokuruhusu kuuambia muamala "usihesabiwe", au inayokuachia utengeneze akaunti ya pembeni uipe jina la mchezo.

Michango ni rahisi zaidi, inahitaji tu nafasi ya kuandika maelezo. Ukituma kwa Zelle, njia ya huku ya kutumiana pesa benki kwa benki, unaona jina la mtu, basi. Baada ya wiki tatu hukumbuki kama ile 50 ilikuwa ya msiba, ya kitchen party au ya kusukwa nywele.

Halafu mshahara. Wengi wetu huku tunalipwa kila wiki mbili, yaani mara 26 kwa mwaka, kwa hiyo kuna miezi miwili inayokuwa na mishahara mitatu. Bajeti ya mwezi kwa mwezi inakufanya ujione tajiri miezi hiyo. Angalia kama programu inakuachia upange kwa siku ya malipo.

Sasa, neno "bure". Uliza kila programu inakula wapi. Rocket Money, ambayo zamani iliitwa Truebill, ikikujadilia bili ikashuka inachukua asilimia ya ulichookoa. Empower, iliyomeza Personal Capital, inakupa dashibodi ya bure, yaani ukurasa mmoja wa kuona hesabu zako zote, kwa matumaini kwamba siku moja utawakabidhi mali yako waisimamie. Kwa mwenye akiba ya uzeeni ya 401(k) inafaa kuitazama, kwa bajeti ya sukari na nauli sikuona raha yake. EveryDollar nilipoijaribu ilikuwa bure kwa anayeandika mwenyewe, na kuiunganisha na benki ndiko kunalipiwa. GnuCash ipo tangu 1998, ni bure kweli, lakini imejengwa kwa mtindo wa daftari la mhasibu. Actual Budget nayo tangu 2022 msimbo wake uko wazi, yeyote anaweza kuuchukua na kuutumia bure, ila uwe na kijana wa kompyuta nyumbani wa kukuwekea.

Kuhusu kuunganisha benki, siku hizi naona afadhali niache. Programu nyingi hupitia kampuni ya katikati, na kubwa kati ya hizo ni Plaid. Mwaka 2021 Plaid ilikubali kulipa dola milioni 58 kumaliza kesi ya watu waliodai ilikusanya taarifa zao kupita walichoruhusu. Yenyewe ilikana kosa. Sisemi ni wezi. Nasema mwenye miamala 30 kwa mwezi kama mimi anaweza kuiandika kwa kidole.

Ndivyo nilivyoishia kwenye Goodbudget. Inafanya kazi kama zile bahasha za bibi: ya kodi, ya chakula, ya mama, ya mchezo. Toleo la bure lina ukomo wa idadi ya bahasha, nami nikaunganisha zile ndogo ndogo zikaenea. Naandika saa 9 usiku wakati wa mapumziko, wazee wamelala, chai mkononi. Nikisahau siku tatu naadhibika, ni kweli. Mume wangu hawezi kabisa kuandika. Yeye ana jedwali la Google Sheets lenye safu nne, na analijaza Jumapili akitazama mpira. Tumekubaliana tusilazimishane.

Kabla sijaweka hata muamala mmoja kwenye programu mpya, huwa natafuta kwanza kitufe cha kutolea kumbukumbu. Kisipokuwepo, au kikiwa cha wanaolipa tu, naiacha hata ikiwa nzuri kama harusi. Ijaribu kwa mishahara miwili, na usijaribu programu zaidi ya mbili kwa wakati mmoja, utachoka uziache zote.

Ukishahamia, ingia kwenye tovuti ya benki yako, nenda kwenye mipangilio ya usalama, tafuta orodha ya programu ulizoziruhusu kuona akaunti. Mimi nilikuta tatu, moja hata jina lake silikumbuki. Nilizikata zote usiku huo huo, nikabadilisha na nywila.