Mwili wa ofisa: vijana wetu wa Mtwara na Lindi wanapokosea kabla ya mchujo

Kila tangazo la nafasi za jeshi likitoka, ufukwe wa Shangani hufurika vijana. Alfajiri unawasikia kabla hujawaona: mchakamchaka, vikohozi, mtu anahesabu pushapu kwa sauti. Nafurahi sana kuwaona. Lakini moyo unaniuma pia, maana wengi wanajifua kwa ajili ya mtihani usiokuwepo. Wanaamini mchujo wa maofisa ni mashindano ya misuli.

Ofisa mwanafunzi akihitimu Monduli, kwenye chuo cha maofisa wa jeshi letu, hutunukiwa kamisheni ya cheo cha Luteni Usu. Kuanzia hapo kazi yake ni kuongoza watu. Anayemchagua mtu wa namna hiyo lazima ajue kichwa chake kinafanyaje kazi mwili ukishachoka.

Video za vizuizi mnazotumiana nyingi ni za India, basi tuanzie huko. Mchujo wao huchukua siku 5. Kuna vizuizi 10 vya mtu mmoja mmoja, muda ni dakika 3, kila kizuizi kina alama yake kuanzia 1 hadi 10, jumla 55. Hicho ndicho kipande kinachowatisha. Siku hizohizo wanapita kwenye majaribio ya saikolojia, usaili, mjadala wa kikundi, hotuba fupi, na kazi za kuvuka kwa pamoja kwa kutumia mbao, kamba na magogo. Wasaili wanatafuta sifa 15 za uongozi. Stamina imo, ndiyo. Ni moja kati ya hizo 15.

Waingereza walifika hapo mapema, mwaka 1942, katikati ya Vita Kuu ya Pili. Waliokuwa wakichaguliwa kwa usaili mfupi na kwa kuangalia katoka ukoo gani, wengi walishindwa mafunzoni. Ndipo wakawaita madaktari wa akili na wanasaikolojia, wakabuni kazi ya kikundi kisicho na kiongozi: mnapewa tatizo, hamteuliwi mkubwa, wao wanakaa pembeni wanatazama nani anafanya nini.

Sasa tuingie kazini.

Hatua ya 1: Jipime kabla ya kujifua. Tumia kipimo cha Kenneth Cooper, daktari wa jeshi la anga la Marekani aliyekitangaza mwaka 1968: kimbia dakika 12, kisha pima umekwenda mita ngapi. Huna uwanja? Subiri maji yakupwe, mchanga wa chini ukiwa mgumu, pima mita 100 kwa kamba, weka vijiti viwili, uzunguke. Kijana wa kiume wa miaka ishirini na kitu akifika mita 2,400 ana msingi mzuri. Wa kike, 2,200. Andika kwenye daftari. Rudia baada ya wiki nne, siyo kesho yake.

Hatua ya 2: Pumzi kwanza, kifua baadaye. Kimbia siku tatu kwa wiki, mwendo ambao bado unaweza kuitikia wimbo. Wimbo ukikatika, umezidisha. Safari ya Mtwara mjini hadi Mikindani, kilomita kama 10, iache mpaka mwezi wa pili. Wanaoanza nayo wiki ya kwanza ndio wanaokuja kwangu wameshika ugoko.

Hatua ya 3: Nguvu inayofaa kazi. Pushapu 20 zilizonyooka, kifua kinashuka mpaka karibu na ardhi na kiuno hakibonyei, zinazidi 60 za kutikisa kichwa. Ongeza kuning'inia kwenye tawi, kupanda kamba, na kutembea na ndoo ya maji mkono mmoja.

Hapa niseme jambo kwa uchungu. Yupo kijana aliyerukishwa kichura mara 500 kwa siku moja na mtu aliyejiita kocha. Siku ya pili mapaja yalivimba, hawezi kuchuchumaa, na mkojo wake ukawa rangi ya chai ya rangi. Huo haukuwa uchovu wa kawaida. Msuli ukivunjika kiasi hicho, uchafu wake huingia kwenye damu na kuumiza figo. Alilazwa. Ukiona mkojo wa namna hiyo baada ya mazoezi, nenda hospitali siku hiyohiyo. Na anayekwambia maumivu ndiyo kipimo cha uaskari, mkimbie.

Hatua ya 4: Fikiri ukiwa umechoka. Hii ndiyo hatua inayorukwa na karibu kila mtu. Nafanya hivi: baada ya kukimbia, nachora mistari miwili mchangani, hatua nane kati yake. Huo ni mto. Nawapa mianzi miwili isiyofika ng'ambo, kamba ya katani na mapipa mawili ya plastiki. Dakika 15, atakayegusa "maji" anarudi mwanzo.

Mara ya kwanza, kijana mwenye kifua kuliko wote alinyakua mwanzi na kuanza kuamuru. Mwanzi ukaangukia katikati ya mto. Akanyakua wa pili. Wakati huo binti mmoja mwembamba kutoka Newala alikuwa ameshachuchumaa, anapima kamba kwa mikono yake, pima baada ya pima. Kisha akauliza, "Jamani, tukifunga mianzi kichwa kwa kichwa juu ya pipa, itafika?" Wakafunga, wakavuka. Yule kijana mwenye kifua ndiye aliyeshika ncha nzito, na aliishika vizuri, maana sasa alijua anashikia nini. Ndiyo maana narudia: mazoezi ya mwili yanakununulia utulivu. Mwenye pumzi haba akichoka haulizi urefu wa kamba.

Hatua ya 5: Wiki ya mwisho. Punguza nusu. Lala. Kula ulivyozoea: ugali, dagaa, mbaazi, hata ming'oko. Usijaribu kitu kipya.

Maswali ya wanachama wa kikundi chetu cha mazoezi

*Shikamoo mwalimu. Mimi niko Newala, ni mwembamba, watu wananicheka. Ninywe dawa za kuongeza mwili?*
Marahaba mwanangu. Usinywe. Soma tangazo kama limetaja urefu na uzito, ufuate hilo tu. Kama umekulia kupandisha maji kwenye vilima vya huko, miguu na mgongo wako vina msingi ambao wa mjini wanautafuta.

*Mwalimu, rafiki yangu hapa Lindi anakimbia na koti zito mchana ili ajizoeshe. Inasaidia?*
Mwambie aache leo. Hewa yetu ina unyevu, jasho halikauki, mwili haupoi. Mtu akianza kuongea ovyo au kuyumba, mlaze kivulini, mmwagie maji mwili mzima, mpepee, na mumwahishe hospitali. Kimbieni alfajiri, na maji yawe karibu.

*Kaka, nina nyayo bapa. Nikiwa na pumzi nzuri si watanipitisha?*
Uchunguzi wa afya ni mlango mwingine. India, kwa mfano, waliopendekezwa hufaulu kwanza kwa wasaili, kisha ndipo wanakwenda kwa madaktari. Pumzi haifuti jambo la kiafya. Muone daktari mapema, uanze na meno, macho na hizo nyayo.

*Zimebaki wiki mbili na sijafanya chochote. Nifanye mara mbili kwa siku?*
Hapana. Kimbia kidogo siku moja, pumzika siku moja. Muda uliobaki jizoeze kusimama mbele ya watu na kueleza jambo kwa dakika tatu. Hilo wiki mbili zinatosha kukusogeza.

*Shikamoo. Mimi naogopa urefu. Nikishindwa kizuizi kimoja si ndiyo basi?*
Marahaba. Kwa mfumo wa alama kama ule wa India, ukikwama kimoja unakwenda kingine na kuendelea kukusanya. Wanatazama pia ulichofanya baada ya kukwama. Hofu nayo hupunguzwa kwa ngazi: leo kipandio cha tatu, wiki ijayo cha tano. Ngazi ninayo. Njoo Jumamosi Shangani, saa kumi na mbili kamili asubuhi, uje na mwenzako wa kukushikia chini.