Kuazima RAM ya kompyuta jirani kwa NBD

Kama una kompyuta za GB 4 zinazokwama huku moja ya GB 16 imelala, ifanye RAM ya hiyo kubwa iwe swapu (nafasi ya kuweka data isiyotosha kwenye RAM) ya ndogo, kwa NBD (Network Block Device), inayofanya faili la kompyuta nyingine lionekane kama diski. Kerneli ya Linux iwe 3.6 au mpya zaidi.

Waya kwanza. `ethtool`, amri inayoonyesha kasi ya waya, isome 1000Mb/s. Tanga, hasa upande wa Raskazone, chumvi ya bahari hula vichwa vya kebo. Gigabiti inataka jozi zote 4. Jozi moja ikioza, kasi huweza kushuka hadi 100Mb/s, yaani kama MB 12 kwa sekunde, na hapo heri diski ya ndani. Wi-Fi usiiguse.

Kwenye seva (kompyuta kubwa)

`swapoff -a`
`mount -t tmpfs -o size=9G tmpfs /mnt/akiba`
`fallocate -l 4G /mnt/akiba/k1`

Usiruke `swapoff`: RAM ikibana, tmpfs (folda inayokaa kwenye RAM) nayo huhamishiwa diskini. Usitumie `truncate`, maana huandika ukubwa bila kushika RAM yenyewe. Kila mteja apewe faili lake, kwa jina kama k1, katika mipangilio ya `/etc/nbd-server/config`. Wawili wakichangia moja, wataharibiana data.

Kwenye mteja (kompyuta ndogo; 192.168.1.20 ni anwani ya seva)

`modprobe nbd`
`nbd-client 192.168.1.20 /dev/nbd0 -N k1 -b 4096 -swap`
`mkswap /dev/nbd0`
`swapon -p 10 /dev/nbd0`

Hiyo `-swap` ndiyo inayokula siku nzima ukiisahau. Mashine iliyoishiwa RAM inataka kutoa kurasa (vipande vya data vya RAM) nje. Kuzitoa kunahitaji pakiti, na pakiti nayo inahitaji RAM. Mashine inaganda, mara nyingi bila ujumbe wowote wa kosa. `-swap` huishikilia nbd-client ndani ya RAM na kuikinga isiuawe na kerneli RAM ikiisha, lakini haimalizi hatari yote. Ongeza `sysctl vm.min_free_kbytes=65536` ili MB 64 zibaki za dharura. Kisha ijaribu kwa kuibana RAM kwa `stress-ng --vm 1 --vm-bytes 5G` huku ukitazama safu za `si` (kurasa zinazorudi) na `so` (zinazotoka) kwenye `vmstat 1`. Usimkabidhi mtu mashine ambayo haijapita hapo.

Wengi hupendekeza `-persist` ili mteja aunganike tena mwenyewe. Kwa swapu iliyo kwenye RAM, ikatae kabisa. Seva ikizimika, kurasa zimepotea. Ikirudi na faili jipya, mteja atasoma sifuri akidhani ni data yake. Heri programu ife kuliko iendelee na hesabu za uongo. Kwa hiyo UPS ishike seva na suichi pia.

Kuzima: `swapoff /dev/nbd0`, halafu `nbd-client -d /dev/nbd0`, seva mwisho. Funga programu nzito kwanza, kwani `swapoff` hurudisha kila ukurasa kwenye RAM ya mteja.